Kesi za ugaidi, dhamana, na kwa nini sisi watu wa Kigoma tusikae kimya

#1 Mwana wa Ujiji (mleta uzi)

Wakuu, mwakeye. Uzi ni mrefu kwa sababu jambo lenyewe lina mizizi mingi. Anayetaka kunipinga anipinge, ila asome kwanza hadi chini.

Hoja yangu ni hii. Hapa kwetu mtu akishtakiwa kwa ugaidi hapati dhamana, na upelelezi wa kesi yake hauna siku ya mwisho. Ukiyaweka hayo mawili pamoja, serikali haihitaji kushinda kesi ili kumfunga mtu. Kumshtaki kunatosha. Atakaa mahabusu miaka, kesi itatajwa kila baada ya siku 14, wakili wa serikali atasimama na kusema upelelezi haujakamilika, na siku moja DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, atasema hana nia ya kuendelea. Mtu anatoka, kazi imekwisha, watoto wamekua bila yeye, na hakuna anayeulizwa.

Siwatetei wanaolipua watu. Agosti 7, 1998 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani Dar es Salaam na Nairobi saa za asubuhi, watu wakiwa kazini. Nairobi walikufa zaidi ya 200, Dar es Salaam 11. Wengi wao walikuwa Waafrika waliokuwa wanapita tu au wanatafuta riziki. Waliofanya vile walistahili kukamatwa na kuhukumiwa.

Sasa angalieni walivyohukumiwa, maana hapo ndipo penye somo. Wanne wa kwanza walipelekwa mahakama ya kawaida New York. Walikuwa na mawakili, ushahidi uliwekwa mezani, mashahidi wakahojiwa mbele ya watu. Mei 2001 wote wanne walitiwa hatiani, na baadaye wakapewa kifungo cha maisha. Mmoja wao ni Mtanzania wa Zanzibar, Khalfan Khamis Mohamed, aliyekamatwa Cape Town mwaka 1999. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilisema wazi Mei 2001 kwamba nchi yao ilikosea kumkabidhi kwa Wamarekani bila kupata ahadi kwamba hatanyongwa. Hakunyongwa, na hakuachiwa. Yumo gerezani.

Kisha ikaja Septemba 11, 2001, na Marekani ikabadili njia. Mtanzania mwingine wa kesi hiyo hiyo ya 1998, Ahmed Khalfan Ghailani, alikamatwa Pakistan Julai 2004. Huyu hakupelekwa mahakamani. Alifichwa kwenye magereza ya siri ya CIA, shirika la ujasusi la Marekani, akahamishiwa gereza lao la kijeshi la Guantánamo, Cuba, Septemba 2006, na akafika New York mwaka 2009, miaka mitano baada ya kukamatwa. Kesi ilipoanza, Jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi mkubwa wa upande wa mashtaka, mtu aliyedaiwa kuuza baruti, kwa sababu jina lake lilipatikana kwa kumshurutisha mshtakiwa kule gizani. Novemba 2010 baraza la wazee wa mahakama likamkuta na hatia katika shtaka moja tu. Mashtaka yalikuwa zaidi ya 280. Alifungwa maisha kwa hilo moja, lakini fikirini familia za waliokufa walivyoketi pale wakisikia "hana hatia, hana hatia" kwa mamia ya mashtaka.

Uhalifu ni ule ule. Mji wa mahakama ni ule ule. Njia ya sheria ilileta hatia kamili, na njia ya mateso nusura iharibu kila kitu. Kwa hiyo mtu asiniambie haki za mtuhumiwa zinamsaidia gaidi. Ndizo zilizofanya hatia ya wale wanne isimame.

Na njia ya mateso iliwabeba na wasiohusika. Suleiman Abdallah Salim, naye Mtanzania, alikamatwa Mogadishu Machi 2003 akakabidhiwa kwa CIA. Alining'inizwa kwa minyororo, akamwagiwa maji ya baridi kali, akafungiwa kwenye giza na muziki wa kelele huko Afghanistan. Mwaka 2008 walimwachia na karatasi inayosema si tishio kwa majeshi ya Marekani. Hakuwahi kushtakiwa kwa kosa lolote. Yeye na wenzake waliwashtaki wanasaikolojia wawili walioibuni mbinu hiyo, James Mitchell na Bruce Jessen, na Agosti 2017 wakalipwa nje ya mahakama wiki chache kabla ya kesi kusikilizwa. Ripoti ya Seneti ya Marekani ya Desemba 2014 imeyataja mateso hayo, kwa hiyo si maneno ya vijiweni.

Nyumbani sasa. Septemba 28, 2001 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1373 likizitaka nchi zote ziwe na sheria za kupambana na ugaidi. Wakenya walipoletewa muswada mwaka 2003 waliupigia kelele ukarudi nyuma, wakapata sheria mwaka 2012. Sisi tulikuwa tumeshapitisha yetu mwaka 2002, Sheria ya Kuzuia Ugaidi. Imetumikaje? Masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walikaa mahabusu Bara zaidi ya miaka sita, na Juni 2021 DPP akafuta mashtaka. Mwezi uliofuata, Julai 21, Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa chama cha upinzani CHADEMA, akakamatwa Mwanza na kushtakiwa kwa ugaidi pamoja na waliokuwa askari wa jeshi. Februari 18, 2022 jaji alisema wana kesi ya kujibu. Machi 4, kabla hawajajitetea, DPP akaiondoa kesi.

Chama chako kisikuzuie kuliona hili. Kama ushahidi ulikuwepo, wananchi tulistahili kuusikia mpaka hukumu. Kama haukuwepo, wale watu walistahili kulala kwao.

Na kwa nini Kigoma? Kwa sababu sisi tunajua kushukiwa. Mwaka 2013, wakati wa Operesheni Kimbunga, mikoa iliyolengwa ilikuwa Kagera, Kigoma na Geita. Walitafutwa wahamiaji haramu na majambazi, jambo ambalo kila mtu alilitaka, lakini uliza Mwandiga, uliza Kasulu, uliza Kibondo, nani aliulizwa "wewe Mrundi?" kwa sababu ya matamshi na sura. Baada ya Januari 20, 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa, kuna wazee wa huku walikosa simu kwa sababu namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, haikutoka, na haikutoka kwa sababu walitakiwa kuthibitisha kwamba babu yao hakuvuka mto Malagarasi kutoka Burundi. Mtu anayeishi hivi hahitaji kuelezwa madhara ya sheria inayoruhusu shaka ichukue nafasi ya ushahidi.

Nataka mambo mawili tu. Dhamana irudi mikononi mwa mahakama, jaji apime mtu mmoja mmoja. Na upelelezi uwekewe kikomo.

#2 Reli ya Kati

Nakazia, hasa hapo kwa laini. Mama yangu mzazi, mzaliwa wa Uvinza, aliitwa ofisini mara nyingi akiulizwa majina ya mababu. Amesoma shule ya msingi hapo hapo, ana kadi ya kliniki yangu, ana kadi ya kupigia kura. Bado.

#3 Askari Mstaafu

Mleta uzi, nimekusoma hadi chini kama ulivyotaka. Umeandika vizuri na sitakutukana, ila kuna watu hukuwataja.

Aprili 13, 2017 askari polisi wanane waliuawa Kibiti, mkoa wa Pwani, wakitoka lindo. Wanane siku moja. Kabla na baada yao waliuawa wenyeviti wa vijiji, watendaji, raia, katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Mei 2013 bomu lilitupwa kanisani Olasiti, Arusha, siku ya uzinduzi wa parokia. Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka mto Ruvuma kutoka Cabo Delgado, Msumbiji, wakashambulia Kitaya, Mtwara. Hayo si mambo ya New York.

Nimefanya upelelezi miaka mingi katika mikoa ya magharibi. Shahidi wa kesi kama hizi ni mkulima au mvuvi. Anajua fulani alileta mzigo usiku. Ukimpa fulani dhamana, anarudi kijiji kile kile, na yule mvuvi hatakuja mahakamani kamwe. Mwingine anavuka ziwa usiku na boti, asubuhi yuko Kalemie au Uvira, Kongo. Nani atamrudisha? Wewe unaishi Ujiji, unajua ziwa hili halina geti.

Mnataka dhamana kwa sababu mnamfikiria mtuhumiwa mmoja asiye na hatia. Mimi namfikiria shahidi.

#4 Mwana wa Ujiji

Mzee wangu, shikamoo, na asante kwa kuandika kwa hoja.

Wale wanane wa Kibiti nilipaswa kuwataja, na familia zao zina haki ya kesi iliyokamilika. Lakini tazama kilichofuata Kibiti. Watu walichukuliwa majumbani na ndugu zao hawajui walipo. Mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiandika habari za mauaji hayo, alitoweka Novemba 21, 2017 na hajaonekana hadi leo. Mjane wa askari amepata nini kutokana na hilo? Hakuna hukumu iliyosomwa inayomtaja aliyemuua mumewe. Mtu akitoweka, na ukweli aliokuwa nao unatoweka.

Kuhusu shahidi wako mvuvi, nakubali hofu yake ni ya kweli. Ndiyo maana sisemi kila mtu aachiwe. Jaji anaweza kukataa dhamana akiona mtu atatoroka au atatisha mashahidi. Anaweza kumpa kwa masharti, asikanyage wilaya fulani, aripoti polisi kila wiki, aache pasipoti. Ninachokataa ni jaji kufungwa mikono, asiruhusiwe hata kuuliza. Kama una sababu ya kumshikilia mtu huyu, isimame mbele ya jaji uiseme.

#5 Bint Kasulu

Kaka, umegusa, lakini umewaacha walio chini kuliko wote. Sisi huku Kasulu tuna kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu tangu 1996. Kibondo wana Nduta. Watu wa kambini hawana ndugu wa kupiga kelele mtandaoni, hawana mbunge, na kwa sheria ya wakimbizi ya 1998 kutoka kambini bila kibali ni kosa.

Novemba 2020 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch walitoa ripoti kuhusu wakimbizi wa Burundi wasiopungua 18 waliokamatwa tangu Oktoba 2019. Waliohojiwa walieleza kuteswa kituoni Kibondo, na baadhi walirudishwa Burundi bila kufikishwa mbele ya hakimu yeyote. Walituhumiwa kushirikiana na vikundi vyenye silaha, au kuwa na silaha. Inawezekana mmoja wao alikuwa na silaha kweli. Mahakama zipo Kibondo, zipo Kasulu. Kwa nini hawakupelekwa?

Mimi nafundisha. Nina wanafunzi waliowahi kuniuliza kwa nini baba wa rafiki yao alichukuliwa na gari usiku, na mtoto anataka jibu, hataki kuambiwa nyamaza.

#6 Kakonko Yetu

Dada, nakuheshimu, lakini wanaoteka magari pori la Kakonko na Kibondo ni akina nani? Tumezika watu huku. Bunduki zinatoka ng'ambo.

#7 Bint Kasulu

Kakonko Yetu, pole kwa msiba, na sisemi hivyo kwa kupita. Njia hiyo naipita na mimi, basi letu limewahi kusindikizwa na askari wenye silaha na nilishukuru kuwaona. Wakamatwe walioteka. Ninachouliza ni hiki: mtu aliyechukuliwa kambini akapelekwa ng'ambo bila kesi, utajuaje ndiye aliyeteka? Na kama siye, aliyeteka bado yuko porini.

#8 Wakili wa Tabora

Habari za jioni wote. Nipo Tabora, nafanya kesi za jinai, niongeze upande wa sheria.

Kinachozuia dhamana kimo kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu kilichojulikana kama 148(5). Kinataja mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, utakatishaji fedha na mengine. Mtu akishtakiwa kwa mojawapo, hakuna mjadala wa dhamana. Mei 2020 Mahakama Kuu, katika shauri la Dickson Sanga, ilisema kifungu hicho kinavunja Katiba. Serikali ikakata rufaa, na Agosti 2020 Mahakama ya Rufani ikatengua, ikasema hakivunji Katiba. Kwa hiyo mlango huo umefungwa mahakamani. Uliobaki ni Bunge. Watu wengi wanalalamikia majaji kwa jambo ambalo sasa ni la wabunge wao, na sisi wa kanda ya magharibi tunao wabunge wa kutosha wa kuulizwa.

Kuna ushindi mmoja ambao watu wameusahau. Zamani DPP aliweza kutia sahihi hati tu, ikazuia dhamana hata kwa kosa lenye dhamana. Mahakama ya Rufani ilikifuta kifungu hicho mwaka 2018 katika kesi ya Jeremia Mtobesya. Maana yake Katiba yetu, ibara ya 13 na ya 15, ina nguvu ikishikwa na mtu mvumilivu.

Pia lieleweke kwa nini kesi zinakwama. Mahakama ya chini inapokea mtuhumiwa wa ugaidi lakini haina mamlaka ya kumsikiliza. Inachofanya ni kutaja kesi na kumrudisha mahabusu hadi upelelezi uishe na jalada lipande Mahakama Kuu. Hakimu pale anaona mtu anazeeka mbele yake na hana analoweza kuamuru. Nimeona mahakimu wanakasirika, wanamfokea wakili wa serikali, kisha wanaandika tarehe nyingine.

Askari Mstaafu, nikuulize mzee, kwa uzoefu wako. Upelelezi wa miaka sita ni upelelezi wa nini?

Na jambo la mateso si la CIA peke yake. Katika kesi ya Mbowe ilibidi ifanyike kesi ndogo ndani ya kesi kubwa, kwa sababu mshtakiwa mmoja alidai maelezo yake yalipatikana kwa kuteswa. Jaji aliyapokea maelezo hayo, na uamuzi wake nauheshimu. Lakini wiki nzima nzima za mahakama zilitumika kujua mtu alihojiwa wapi, saa ngapi na nani. Polisi wakirekodi mahojiano kwa video tangu dakika ya kwanza, wakili akiwepo, mabishano hayo yanakwisha asubuhi moja. Hilo linamlinda na askari mwema.

La mwisho, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha, nchini mwetu, na tangu Novemba 2019 serikali iliandika kujiondoa kwenye tamko lililomruhusu mwananchi kwenda pale moja kwa moja. Kesi za watu wengi walioshinda pale zilikuwa za kunyimwa haki ya kusikilizwa ipasavyo.

#9 Mama wa Gungu

Samahanini wanangu, sijui sheria. Mtoto wa dada yangu ni fundi wa mashine za boti. Alichukuliwa na watu waliovaa kiraia wakasema wana maswali ya usalama. Leo hatujui yuko kituo gani, kila tunapokwenda wanasema hayupo kwao. Tufanyeje? Dada yangu hali chakula.

#10 Wakili wa Tabora

Mama, shikamoo, na poleni sana. Fuata haya leo.

Muandike mlichokiona wakati bado mnakumbuka: siku, saa, mahali, gari la namna gani na namba yake kama kuna aliyeiona, nani walikuwepo. Kila kituo mnachokwenda, andikeni jina la kituo, saa na jina au namba ya askari aliyewajibu. Mwenyekiti wa mtaa awape barua kwamba kijana ni mkazi wake na alichukuliwa. Kisha pelekeni barua kwa kamanda wa polisi wa mkoa, mbaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Bila mhuri barua haijafika.

Sheria inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au mapema inavyowezekana, na anayo haki ya kuwasiliana na ndugu na wakili. Wakiendelea kukana, wakili anafungua maombi Mahakama Kuu ili polisi waamriwe kumleta mbele ya jaji. Kwa Kilatini tunaita habeas corpus. Zamani mngekuja Tabora kwa treni, sasa Mahakama Kuu ipo hapo hapo Kigoma. Kama hamna fedha za wakili, iko Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wanapokea simu. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo ina mamlaka ya kuingia kwenye mahabusu na kukagua.

Usitaje jina la kijana hapa wala picha yake mpaka uongee na wakili. Nimekuandikia pembeni.

#11 Askari Mstaafu

Mama, marahaba kwa wote walionisalimia, na pole. Ongeza hili: muulizeni mkuu wa kituo awaonyeshe kitabu cha mahabusu. Kila anayelala kituoni lazima aandikwe. Akikataa, kukataa kwake nako muandike. Watu wakikuchukua kwa kazi halali hawana sababu ya kuficha kituo. Hilo nalisema kama askari.

Wakili, umeniuliza upelelezi wa miaka sita ni wa nini. Nitajibu kwa ukweli. Mara nyingi jalada linakuwa limekamilika kadiri litakavyokamilika ndani ya mwaka wa kwanza. Kinachobaki ni mtu wa juu kuamua, na hakuna anayetaka kuwa aliyeamua kumwachia mtu ambaye kesho atalipua kitu. Basi jalada linakaa. Kwa hiyo kwenye kikomo cha upelelezi nipo nanyi. Mwaka mmoja, na ukizidi, DPP aje mwenyewe Mahakama Kuu aeleze kwa jaji kwa nini anataka zaidi.

Kwenye dhamana bado sijakubali. Kwanza mniambie mtamlindaje yule shahidi wangu wa kijijini.

#12 Mwana wa Ujiji

Mzee, mwaka mmoja naona ni mwingi kwa mtu asiye na dhamana, mimi ningesema miezi sita, halafu jaji aongeze kwa sababu iliyoandikwa. Lakini hapo tunabishana namba, na hatukuwa tunabishana namba asubuhi.

Kuhusu shahidi: mahakama zetu tayari zimewahi kuwaficha mashahidi majina na sura katika kesi za aina hii. Kinachokosekana ni fedha ya kumhamisha mtu na familia yake kwa muda, na kumlipa siku alizoacha nyavu zake. Hilo ni fungu la bajeti. Naandika barua kwa mbunge wetu nikiyaweka yote mawili, kikomo cha upelelezi na ulinzi wa shahidi, na dhamana nitaiweka ya tatu na hoja yako ya kuipinga nitaiandika kama ulivyoisema. Wakili, naomba unisaidie kutaja vifungu kwa namba mpya, maana sheria zimechapishwa upya. Bint Kasulu, aya ya wakimbizi iandike wewe.

Mama wa Gungu, ukipata mhuri kwenye ile barua tuambie, hata usiku.